Kilo Mbili na Nusu: Anayeanza Vyuma Aongeze Uzito kwa Kasi Gani?

Anayeanza kunyanyua vyuma aongeze uzito kila siku ya mazoezi, ila aongeze kidogo. Ugumu uko kwenye hiyo “kidogo”. Jimu nyingi za mtaani hapa Dar pleti (sahani ya uzito inayotiwa kwenye ncha ya chuma) ndogo kabisa ni ya kilo 5; ukitia moja huku na moja kule, tayari umepandisha kilo 10 kwa mkupuo. Mtu anakwama wiki ya tatu, anasema mwili wake umegoma. Mwili haujagoma, pleti ndizo zimekosekana.

Wiki za mwanzo nguvu haiji kwa sababu misuli imekua. Inakuja kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli iliyokuwepo siku zote, na somo hilo linaingia haraka. Ndiyo maana mgeni wa vyuma anaweza kupanda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, jambo ambalo mzoefu wa miaka mitano hawezi hata kwa mwezi. Kano, zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, ndizo zinazochelewa. Anayeruka kilo 10 kila siku atasikia goti au kiwiko kikilalamika kabla paja halijachoka.

Kwanza pima mtarimbo wenu, yaani chuma kirefu kinachotiwa pleti. Wa mashindano ya wanaume una kilo 20, wa wanawake 15, lakini uliochomelewa mtaani hakuna anayejua uzito wake mpaka upimwe. Panda nao kwenye mizani ya bafuni, kisha panda peke yako, utoe. Au upeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wana mizani ya kuning'iniza. Pima na pleti, hasa za zege, maana hata zilizomwagwa kwenye ndoo moja hazilingani. Upande mmoja ukizidi kwa kilo moja, mtarimbo unalala na wewe unapinda kuufuata.

Siku ya kwanza usitafute uzito mkubwa unaouweza. Piga mtarimbo mtupu mara 5, rudia, kisha ongeza kilo 5 au 10 kwa kila seti (mkupuo mmoja bila kupumzika) ya mara 5. Tazama mwendo wa mtarimbo wakati wa kupanda. Mara ya tano ikianza kwenda polepole kuliko ya kwanza, simama hapo hapo: huo ndio uzito wa kuanzia, fanya nao seti 3 za mara 5. Utaona ni mwepesi. Ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Kuanzia hapo kila zoezi lina kasi yake. Skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na mtarimbo mabegani, ipande kilo 2.5 kila siku ya mazoezi. Kijana mzito mwenye miguu yenye nguvu anaweza kupanda 5 kwa wiki mbili za mwanzo, asizidi hapo. Dedilifti, yaani kuinua mtarimbo kutoka sakafuni, inavumilia kilo 5, kwa sababu inafanywa seti 1 tu ya mara 5, na inatumia misuli mingi zaidi kwa pamoja. Benchi, yaani kusukuma mtarimbo ukiwa umelala chali, ni 2.5 mwanzoni, halafu 1 hadi 1.5. Presi ya kusukuma juu ya kichwa ndiyo inayowaumbua wengi. Kwenye skwati ya kilo 100, kilo 2.5 ni asilimia 2.5. Kwenye presi ya kilo 25, kilo hizo hizo ni asilimia 10. Hakuna bega linaloongezeka asilimia 10 kila baada ya siku mbili. Kinadada wengi hukutana na ukuta huu mapema, na tatizo ni hesabu hii wala si udhaifu.

Anayeona kilo 2.5 ni aibu apige hesabu. Skwati kutoka 40 hadi 100 ni kilo 60, yaani siku 24 za mazoezi. Kwa siku tatu kwa wiki ni wiki 8. Wachache wataifika hiyo 100 bila kusimama njiani, lakini ona jinsi kidogo kidogo inavyokwenda mbali.

Kama jimu yenu haina pleti ndogo, nenda Gerezani kwa mafundi wa vyuma ukaagize vipande vinne vya bamba: viwili vya kilo 1.25, viwili vya nusu kilo, vitobolewe kati. Nenda na kipimo cha ncha ya mtarimbo wenu. Wa mashindano una ncha za milimita 50, ya mtaani mingi ni myembamba, na tundu likipwaya sana pleti inacheza. Mfuko ukibana, pima mchanga mkavu nusu kilo mara mbili, utie kwenye vifuko, uvifunge kwa tyubu ya baiskeli kwenye ncha zote mbili. Havipendezi machoni, vinafanya kazi.

Sasa daftari, unaloandika uzito na mara ulizopiga kila seti. Tuseme umeandika: skwati 62.5, mara 5, 5, 4. Seti mbili zimekamilika, ya tatu imekatika mwishoni. Hapo shuku pumziko kwanza. Wengi wanapumzika dakika moja na nusu kwa sababu kuna foleni ya watu nyuma yao. Uzito ukishakuwa mzito zinahitajika dakika 3 hadi 5, na kwa joto la Januari hapa pwani usizipunguze. Lakini kama umeandika 3, 3, 2, tatizo si pumziko. Ama uliruka uzito mkubwa mno, ama hukulala, ama umekula chai na andazi tu tangu asubuhi. Kwa hali zote mbili, siku inayofuata rudia uzito ule ule, usiongeze. Ukishindwa siku tatu mfululizo, shusha asilimia 10 (62.5 inakuwa 56 na kitu) kisha panda tena kwa hatua nusu ya zile za mwanzo.

Kukamilisha idadi pekee hakutoshi. Visigino vikiinuka, magoti yakiingia ndani, nyonga ikitangulia juu huku kifua kimebaki chini, mara hiyo haihesabiki. Weka simu pembeni kwa usawa wa nyonga ujirekodi seti ya mwisho. Kioo cha mbele hakionyeshi umeshuka kina gani wala mgongo. Kwenye dedilifti, mgongo wa chini ukianza kupinda, hiyo seti imeisha hata kama ni mara ya tatu. Na anayepiga benchi peke yake asifunge vizuizi vya pleti, ili akibanwa aweze kuinamisha mtarimbo pleti zimwagike upande mmoja.

Kuna siku za kutoongeza kabisa. Ramadhani, shikilia uzito ulio nao, fanya mazoezi saa moja au mbili baada ya futari, punguza seti zikibidi. Ukitoka kwenye malaria, maliza dawa, subiri hamu ya kula irudi, kisha anza chini kwa asilimia 20. Utavirudia vyuma vyako ndani ya wiki mbili au tatu. Aliyevuka miaka 50 aongeze mara moja au mbili kwa wiki badala ya tatu.

Ukishashusha mara mbili na ukakwama tena pale pale, kuongeza kila siku kumekwisha kwa zoezi hilo, ingawa mengine yanaweza kuendelea. Hamia kwenye wiki: Jumatatu seti 5 za mara 5 kwa uzito wa chini kidogo, Jumatano nyepesi, Ijumaa seti moja ya mara 5 kwa uzito mpya, kilo 2.5 juu ya Ijumaa iliyopita.