Menyu haijafa, na sanduku tupu si maendeleo

Kijana akishatazama video mbili tatu za akili mnemba usiku, kesho yake ananiletea habari ileile: "Kaka, mambo ya skrini na vitufe yamekwisha. Sasa hivi mtu anaongea tu na simu, inafanya yenyewe." Nilikuwa nacheka na kuendelea na kazi. Lakini safari hii kaniambia mteja, mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, ninayemwandikia programu ya daftari la madeni. Anataka nifute fomu zote, nibakize kipaza sauti kimoja katikati ya skrini. Basi niandike mara moja, halafu niwe natuma kiungo.

Historia kwa haraka. Sanduku tupu lenye kishale kinachopepesa ndiko tulikotoka. Ulikaa mbele ya kompyuta, ukakumbuka amri, ukaichapa, ukikosea nukta moja unafokewa. Desemba 1968 mhandisi Douglas Engelbart aliwaonyesha watu kipanya pale San Francisco. Mwaka 1973 kampuni ya Xerox wakaunda kompyuta ya Alto. Mwaka 1984 Macintosh ikayapeleka madirisha na menyu kwa watu wa kawaida. Jasho lote lile lilimwagika ili mtu asilazimike kukariri. Menyu haikuwekwa kwa sababu kompyuta ilikuwa mbumbumbu. Iliwekwa kwa sababu binadamu kitu asichokiona anakikumbuka kwa shida, akikionyeshwa anakitambua papo hapo. Mashine ikipata akili kiasi gani, kichwa cha mtumiaji ni kilekile.

Sasa mnaniambia turudishe sanduku tupu, safari hii lenye adabu: "Niulize chochote." Ni kama kuingia kwa mama lishe akakwambia agiza chochote, bila kusema amepika nini. Unataja migebuka, hamna. Unataja ndizi, zimekwisha. Ungejua kuna wali na maharage ungekuwa umeshakula na kuondoka. Orodha inakuonyesha kinachowezekana, na kwa kimya chake inakuonyesha pia kisichowezekana.

Wanaodharau menyu waitazame USSD, zile orodha za namba unazofungua kwa kupiga nyota na reli kwenye simu. Ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, hakuna picha, hakuna rangi, hauhitaji intaneti, na ukizubaa unakatika. Hata hivyo tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta wanatuma pesa kwa orodha ya namba. Bibi yangu Ujiji hajui neno "kiolesura" na hana haja nalo. Anajua moja, nne, mbili.

Na sauti? Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi mitumbwi inapoingia. Injini zinanguruma, wachuuzi wanaitana, kila mtu anataja bei yake. Hebu iambie simu deni la mtu mahali hapo. Tuseme maikrofoni imeshinda kelele, maana zinazidi kuwa nzuri, sibishi. Kuna jambo ambalo maikrofoni haitalitibu: nani anataka kutangaza sokoni kwamba fulani anadaiwa na hajalipa? Mkononi, kidole kinaandika kimyakimya. Namba ya siri ndiyo hata tusiizungumze.

Halafu namba zenyewe. Mtu akisema "mbili na nusu" mwaloni, anaweza kumaanisha 2,500 au 250,000, na anayemsikiliza anajua ni ipi kwa sababu anaiona ndoo au anauona mzigo mzima. Modeli ya lugha, yaani hiyo akili mnemba inayopokea maneno yako, haioni ndoo. Inakisia lenye uwezekano mkubwa, na inakisia bila kuona haya. Fomu nayo haioni, lakini haikisii: ina kisanduku cha kiasi, na kabla ya kuhifadhi inakuonyesha 250,000 kwa tarakimu kubwa. Hapo ndipo mtu anashtuka. Vilevile modeli nyingi zimelelewa zaidi kwa Kiingereza, kwa hiyo ukisema "saa tatu asubuhi" angalia sana usikute imeandikwa 3:00. Haya ya saa yatarekebishwa, sina wasiwasi. Ile ya ndoo ndiyo inayonikera, kwa sababu watu wanadhani ni suala la kusubiri toleo lijalo.

Sehemu ninayoipenda katika daftari hili ni ile ya siku ya kulipa. Ukifanya kazi kwa mazoea ya kitabuni unaweka kalenda, mtu achague tarehe. Pale Kibirizi hakuna anayekopa kwa tarehe. Usiku wa mbalamwezi dagaa hawavutwi na taa, wavuvi wengi wanapumzika, pesa inakauka. Deni linalipwa giza likirudi. Kwa hiyo nimeweka vitufe viwili tu: "Kabla ya mbalamwezi" na "Giza lijalo". Tarehe inakokotolewa nyuma ya pazia, maana kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni kama siku 29 na nusu. Vitufe viwili hivyo ni mazungumzo marefu na wachuuzi niliyoyamaliza kabla ili mtumiaji asiyarudie kila siku. Kipaza sauti kingemuuliza, "Tarehe ngapi?" Angejibu nini?

Sisemi sauti haina kazi. Kuandika maelezo marefu kwa kidole chenye magamba ya dagaa ni adhabu, na watu wetu wanatumiana sauti kwenye WhatsApp mchana kutwa. Ninachokataa ni sauti kutoka pande zote mbili. Aongee, sawa, lakini kilichosikika kiingizwe kwenye fomu akione, akisahihishe kwa kidole. Kusoma orodha ya vitu vitano ni kutupa jicho. Kusomewa ni mateso. Aliyewahi kupiga huduma kwa wateja akasubiri hadi "bonyeza tisa kurudia" anajua.

Lakini kuna mawili yananisumbua. La kwanza, wasiojua kusoma. Hoja zangu zote zinasimama juu ya jicho linalosoma, na wako wachuuzi ambao mtoto wa shule ndiye anayewasomea simu. Picha zinasaidia mpaka mahali fulani. Jina la mdaiwa halina picha.

La pili ni ukurasa wa kuthibitisha. Mafunzo yote yanafundisha: muulize mtu "Una uhakika?" na makosa yatapungua. Mimi nakaa pembeni nikiwatazama watu wakitumia, na wengi wanabonyeza "Ndiyo" kabla jicho halijafika kwenye namba. Nimekuza tarakimu, nimeweka jina la mdaiwa juu, nimesogeza kitufe, na kwa siku chache wanasoma, kisha kidole kinazoea mahali papya. Kwenye hatua hii moja naanza kufikiri kwamba simu ikisema jina na kiasi kwa sauti, hata kama ni kwa spika ya sikioni tu, huenda ikamgutusha mtu kuliko maandishi yangu makubwa. Naliandika jaribio hilo wiki hii. Likifanya kazi, vijana watasema waliniambia, na watakuwa wamepatia kwa sababu isiyo yao.