Ukikosana na jamaa zako, njoo peke yako

Mama mmoja anayeuza nguo Gikomba alinionyesha jambo alilokuwa akilifanya kila mwisho wa mwezi kwa miaka mitatu. (Nimebadilisha baadhi ya mambo ili asitambulike.) Alishika simu, akaingiza namba ya mamake kwenye M-Pesa kana kwamba anamtumia shilingi 50, akaweka namba ya siri. Jina la mamake likatokea. Akalitazama kidogo, kisha akaghairi kabla pesa hazijaenda. "Nikiliona jina, najua laini bado ni yake," akaniambia. Hawakuwa wameongea tangu alipoolewa na mtu ambaye kwao hawakumtaka.

Hakuja kwangu kutafuta ushauri nasaha kwa sababu ya mamake. Alikuja akisema hapati usingizi, kichwa kinamgonga, na anawafokea watoto kwa makosa madogo. Wengi tunaowapokea huja hivyo. Habari ya nyumbani huitaja mwishoni, wakiwa wameshasimama kuondoka.

Mtu akifiwa Nairobi, majirani hufika, wenzake kazini huchanga, na kamati ya mazishi hukutana jioni baada ya jioni. Aliyefungiwa namba na babake, au aliyeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la familia, ana msiba usio na matanga. Mtafiti Pauline Boss wa Marekani alianza kuichunguza huzuni ya namna hii miaka ya 1970, alipofanya kazi na familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam. Familia hizo hazikujua zilie au zingoje. Aliyekosana na jamaa zake hukwama pale pale: hawezi kuomboleza kama mfiwa, wala hawezi kukaa kama mtu mwenye mama. Desemba ikifika, watu wakijaa stendi ya Machakos na mizigo yao kwenda mashambani, yeye hubaki plotini akisema ana kazi nyingi.

Marafiki nao hujitenga. Tumelelewa na methali isemayo ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Inafaa kwa jirani mwenye kidomodomo, lakini humwacha mwenye ugomvi bila wa kuongea naye.

Kinachochelewesha wengi ni kudhani kwamba ushauri nasaha ni kikao cha wazee kilichohamishiwa ofisini. Kikao kina kazi yake, na mimi sikidharau: kimepatanisha nyumba nyingi. Lakini kikao hutafuta mwenye makosa, kikamtaka aombe msamaha. Mshauri nasaha hatoi hukumu, na kazi yake si kukurudisha nyumbani kwa nguvu. Anakusaidia kuubeba mzigo ulio nao leo, na kuamua kwa akili iliyotulia kama utapiga simu, utangoja, au utakaa mbali. Kwa hiyo huhitaji kuja na ndugu yako. Nimekutana na watu waliopoteza miaka wakimsubiri kaka akubali kuandamana nao, na kaka hana habari.

Yule mama tulimpa karatasi na kalamu achore mti wa ukoo wake. Wanaume huchorwa kwa mraba, wanawake kwa duara, na penye uhusiano uliokatika mstari huvunjwa kwa vistari viwili. Alijichora yeye na mamake, akauvunja mstari. Akapanda hadi kwa nyanya yake, kalamu ikasimama. Alikumbuka kwamba nyanya hakuwahi kurudi kwao baada ya kuolewa, na watoto walikatazwa kuuliza kwa nini. Akachora vistari viwili vingine. Kwa mamake hakuna kilichobadilika siku hiyo, lakini tangu hapo sikumsikia tena akisema yeye ndiye aliyeleta laana nyumbani.

Kabla ya kuanza, uliza mambo mawili. La kwanza, kama mshauri amesajiliwa: Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya usajili, kwa hiyo swali hilo si utovu wa adabu. La pili, siri yako inalindwa hadi wapi. Mshauri mwema atakueleza mapema kwamba siri ina mipaka, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akiwa anadhulumiwa. Ukiwa na mawazo ya kujiua, yaseme wazi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Na mshauri akikusukuma ukaombe msamaha siku ya kwanza, kabla hajasikia yaliyokupata, tafuta mwingine.

Ada hutofautiana sana, iulize kwa simu kabla hujapanda matatu. Hospitali za umma kama Mathari, kando ya Thika Road, na Kenyatta zina huduma za afya ya akili. Wanafunzi wa vyuo vikuu waanzie ofisi ya ushauri ya chuo chao. Usipoweza kutoka, Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bure kwa 1199.

Kuna waliokaa mbali kwa sababu ya kipigo, kunajisiwa, au kutishiwa kuozwa au kukeketwa kwa nguvu. Kwa hao sizungumzii kupatana kamwe. Umbali ndio unaowalinda. Wapige 1195, namba ya waliodhulumiwa kijinsia, na kwa mtoto ni 116.

Jambo la kuzungumza na mshauri mapema, kabla halijatokea, ni simu ya mazishi. Huja usiku, kutoka kwa binamu ambaye hamjaongea miaka mingi, na mtu hukata shauri akiwa analia. Amueni mkiwa mmetulia: utaenda au hutaenda, utaandamana na nani, utalala wapi, na ukiulizwa mbele ya watu "ulikuwa wapi siku zote?" utajibu nini. Jibu fupi linatosha: "Nimekuja kumzika, hayo tutayaongea siku nyingine." Lirudie kwa sauti mpaka ulimi ulizoee. Na nauli ya kurudi Nairobi uwe nayo wewe mwenyewe, mfukoni, usimtegemee mtu wa huko.