Kilima cha Shela na maji yaliyo chini yake

Mpwa wangu ana miaka kumi na minne, na likizo hii alikuja Lamu na ombi moja tu: apande mlima. Wenzake wa shule huko bara wameshapanda Longonot, wakarudi na picha. Kisiwa chetu hakina mlima. Kina mchanga. Nikamwambia nitampandisha kilima cha Shela, na kwamba kilima hicho kina kazi ambayo Longonot haina.

Mimi hushughulika na maji ya chini ya ardhi, yaani kupima visima, kujua maji yametoka wapi na yatadumu mpaka lini. Vilima vya Shela nimevipanda mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nikiwa na mgeni hunisikitisha kuona anatazama bahari tu, hatazami anapokanyaga.

Tuliondoka mjini baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa yamekupwa. Hilo la maji si dogo. Bahari ikijaa, kuna sehemu za njia ya ufuoni zinazofunikwa, na itakubidi upande mashua. Mwendo ni wa kilomita tatu hivi. Tukapita Shela penyewe, kando ya msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 wenye mnara wa mviringo uliochongoka, kisha vichochoro vikaisha na mchanga ukaanza.

Kwenye mchanga vua viatu, na uchague upande. Kusi huvuma kutoka baharini miezi mingi ya mwaka, ikizisukuma punje mgongoni mwa kilima mpaka zidondoke upande wa pili. Kwa hiyo upande unaopigwa na upepo una mteremko wa pole na mchanga ulioshikana. Upande uliojificha punje zimelala kwa pembe ya digrii 33 hivi, mwisho wa pembe ambayo mchanga mkavu huweza kusimama. Huko ukipiga hatua mbili unateleza moja. Tulipitia mbele, na kabla jua halijachoma tulikuwa juu.

Kusini bahari wazi, ng'ambo ya mkondo kisiwa cha Manda na mikoko yake. Mpwa wangu alikuwa amesikia habari za vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Amu, yaani Lamu, walipowashinda Mazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate, na akataka kujua kama kweli upepo hufunua mifupa. Nikamjibu kwamba ndivyo watu wanavyosimulia, na kwamba akiona mfupa asiuguse. Kisha nikamkalisha chini, nikachora mchangani kwa kidole.

Mvua ikinyesha juu ya saruji hutiririka baharini. Hapa haitiririki hata hatua kumi. Mchanga unaimeza papo hapo, na ikishapita tabaka la juu jua haliifikii tena. Inashuka mpaka ikutane na maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya kisiwa kutoka kandokando. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, kwa hiyo ni nzito kidogo kuliko ya mvua. Maji matamu yanakaa juu yake. Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, waligundua hesabu yake: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna karibu mita 40 chini yake. Ni kama jahazi lililosheheni. Unaloliona juu ya maji ni dogo. Lililozama ndilo linalobeba.

"Sasa Mjomba, si tuchimbe mpaka chini kabisa tupate mengi zaidi?"

Swali hilo nimeulizwa na watu wazima wenye pesa, na wengine hawakungoja jibu. Geuza ile hesabu. Ukivuta maji kwa nguvu mpaka uso wake ushuke mita moja, chumvi iliyo chini hujaribu kupanda mita 40, na hupanda moja kwa moja chini ya pampu yako. Nilimwona mwenye nyumba mmoja aliyechimba kina kirefu akafunga pampu kubwa. Mwanzoni maji yalikuwa matamu, akafurahi. Baadaye yakawa na munyu, na kisima cha jirani yake, kifupi, kilichokuwa kizuri siku zote, kikaharibika pamoja naye. Chumvi ikishapanda, kuisukuma chini ni kazi ya mvua za miaka. Kwenye kisiwa kama hiki, visima vingi vifupi vinavyotekwa polepole ni bora kuliko kirefu kimoja.

Ndiyo maana napinga waziwazi kuchota mchanga huu na kugawa viwanja juu yake. Mchanga unaomeza mvua kwa haraka humeza na choo cha shimo kwa haraka ileile.

Nikamwonyesha upande wa Takwa, kisiwani Manda. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na sababu inayotajwa zaidi ni visima kuingia chumvi. Wazee wa Shela hujihesabu wametoka huko, na mpaka leo huvuka kwenda kwenye kaburi la mnara kuomba mvua.

Tukashuka bonde la kati ya vilima, penye nyasi na mikoma, kwani hapo maji yako karibu. Kwenye kisima kifupi tukaomba ndoo. Nilikuwa na kipima chumvi mfukoni, lakini nikamwambia aanze kwa ulimi. Akanywa, akanitazama, akanywa tena, akajaza chupa.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kisima cha uani, akaonja, akatema. Akamuuliza bibi yake kwa nini hakuwahi kumwambia. Bibi alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa.

"Hicho ni cha kuogea, mwanangu. Maji ya kunywa ni ya Shela."