Kwa Mgema Kulikofungwa

Ukitaja tembo la mnazi leo, Unguja au Pemba, anayekusikiliza anafikiria ulevi tu. Ndiyo maana wagema, wakwezi wanaolitoa mtini, walipoacha kazi mmoja baada ya mwingine, vijiji vingi havikusikitika. Mimi nasikitika. Fani yangu ni uchachushaji wa vyakula, na kwa jinsi ninavyoiona kazi ile, palipokuwa kwa mgema hapakuwa kilabu peke yake. Mnazi uleule ulitoa asali, chachu na siki, na vitu hivyo viliingia katika majiko ya watu ambao hawakuonja kilevi maisha yao yote.

Mgema hukwea kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni na kibuyu mgongoni. Huchagua karara changa, yaani kifuko cha maua ya mnazi, ambalo halijapasuka, akalifunga kamba, akawa analigonga taratibu na kuliinamisha siku baada ya siku mpaka lilainike. Kisha hulikata ncha, na kuanzia hapo hulichonga upya asubuhi na jioni. Ufundi wote umo katika unene wa kipande anachokata. Kikiwa kinene, karara linaisha kabla ya wakati wake. Kikiwa chembamba mno, mishipa inabaki imeziba na utomvu unakatika. Mti mzuri hutoa lita moja hadi mbili kwa siku, na karara moja linaweza kugemwa mwezi mzima au zaidi.

Utomvu unaodondoka una sukari kama asilimia 15 na hauna ukali wowote. Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Hamira za porini zinaingia zenyewe, kutoka hewani, kwa wadudu, na zaidi kutoka kwenye masalia ya kibuyu cha jana. Baada ya saa chache utomvu huo, yaani tembo tamu, unaanza kutoa povu. Tembo likilala usiku mmoja, kilevi kinafika asilimia 4 hadi 6. Likiachwa wazi siku kadhaa, bakteria wa siki wanakigeuza kilevi kuwa siki. Kwa hiyo mgema wa asali na mgema wa tembo kali walitofautiana kwa usafi wa kibuyu na wepesi wa kushuka mtini, basi.

Asali ya tembo hupikwa papo hapo, kabla povu halijaanza. Lita sita hivi za tembo tamu, sufuria pana, moto usiotulia mwanzoni kisha mdogo kabisa mwishoni, zinakupa lita moja ya asali nyeusi yenye harufu ya moshi. Wapishi wake ndio waliojua maana halisi ya kusema mgema akisifiwa tembo hulitia maji: tembo lililotiwa maji hujidhihirisha jikoni, linachemka na kuchemka bila kushika uzito, na kuni zinaisha. Mlevi anaweza kudanganywa, mpika asali hadanganyiki.

Chachu nayo. Kabla ya hamira ya paketi kuenea madukani, mtoto alitumwa kwa mgema na kikombe, akarudi na tembo la kuumulia vitumbua na mkate wa kumimina. Unga ule uliumuka polepole, na ladha yake ilikuwa na uchachu mdogo ambao paketi haiwezi kuutoa, kwa sababu paketi ina aina moja tu ya hamira na kibuyu kina jamii nzima ya vijidudu. Siki ya tembo pia ni hivyo. Siki nyingi za dukani ni asidi iliyozimuliwa kwa maji. Achari ya embe iliyotiwa siki hiyo ya dukani ina ukali bila utamu wa nyuma.

Kwa nini pakafungwa? Dini ina sehemu yake, na siilaumu. Kilevi ni haramu na jamii ina haki ya kukikataa. Lakini mnazi unaogemwa hauzai, na hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Karara likishakatwa, nazi zake hazipo tena, na mwenye shamba anayeuza nazi za kila siku hana sababu ya kumpa mgema mti. Tena minazi yenyewe imezeeka, mingine imekatwa mbao, na upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Kiwengwa hadi Jambiani, ardhi nyingi ya pwani imekuwa ya hoteli. Sukari ya gunia ikamaliza habari ya asali. Kijana naye, akipima hatari ya kuanguka na kipato cha siku, anaona bora bodaboda.

Kinachoniuma ni kwamba Indonesia, Thailand na Ufilipino wanagema minazi ileile, wanapika utomvu uleule mpaka unakuwa sukari ya chenga, na wanauza hadi Ulaya. Sisi tunayo minazi, tunao majimoto, sisimizi wa mitini, wanaoilinda na mdudu anayeangusha nazi changa, jambo lililochunguzwa hapahapa Zanzibar miaka ya 1950. Tulichokosa ni mikono.

Kama unamjua mzee aliyegema, awe Micheweni, Konde au Makunduchi, muulize karara aliligonga siku ngapi kabla ya tone la kwanza, kotama aliishika kwa pembe gani, na kibuyu alikisafisha kwa kitu gani. Niandikieni majibu, hata yakipingana.