Rais wa Marekani Haamui Peke Yake

Kila nikifundisha kuhusu serikali ya Marekani, swali moja halikosi: "Kwani Rais wao si anaweza kufanya lolote?" Hulijibu kwa kisa.

Usiku wa tarehe 8 Aprili 1952, vita vya Korea vikiendelea, Rais Harry Truman aliamuru serikali itwae viwanda vya chuma. Wafanyakazi walikuwa mbioni kugoma, na bila chuma hakuna silaha. Hoja yake ilikuwa nzito. Lakini hakukuwa na sheria ya Bunge iliyompa mamlaka hayo. Wenye viwanda wakaenda mahakamani, na tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 6 kwa 3, kwamba Rais amevuka mipaka. Majaji wanne kati ya hao tisa walikuwa wameteuliwa na Truman mwenyewe, na wawili kati yao walimkatalia. Akavirudisha viwanda. Wafanyakazi wakagoma kwa zaidi ya siku 50.

Mimi kisa hiki hunigusa kila ninapokisimulia. Amiri jeshi mkuu, tena wakati wa vita, alitii hukumu ya watu wasio na askari hata mmoja.

Ndivyo Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 ilivyokusudia. Sheria hutungwa na Bunge lenye mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435, wanaogawanywa kwa idadi ya watu na kuchaguliwa kila baada ya miaka 2. Seneti ina wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo, kwa miaka 6. Hapo California yenye watu zaidi ya milioni 39 iko sawa na Wyoming isiyofikisha laki sita. Katiba ilipoandikwa, majimbo madogo yalikataa kumezwa na makubwa. Rais akikataa kutia saini muswada, theluthi mbili ya kila baraza inaweza kuupitisha bila yeye. Majaji huwateua yeye, Seneti huwathibitisha, kisha hakuna wa kuwafukuza kwa sababu ya hukumu asiyoipenda.

Funguo za hazina pia ziko bungeni. Bajeti ilipokwama Desemba 2018, baadhi ya ofisi za serikali zilifungwa kwa siku 35, na watumishi wakakaa bila mshahara.

Kuna mpaka mwingine ambao wengi husahau: majimbo. Marekebisho ya Kumi ya Katiba, ya mwaka 1791, yanasema mamlaka ambayo serikali ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, haikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Gavana huchaguliwa na watu wa jimbo lake. Rais hamteui wala hawezi kumwondoa. Ndugu zetu walioko huko hulijua hili kwa vitendo. Mtu akihama Texas kwenda kuishi Ohio, viza yake ni ileile, maana ni ya shirikisho. Leseni ya udereva hana budi kuibadilisha, maana aliyonayo imetolewa na Texas.