Kususa maana yake nini?

Mama amepakua wali na ukoko umeangukia sahani ya mdogo mtu. Kaka mtu, miaka sita, anasukuma sahani yake. "Sili!" Anatoka, anakwenda kukaa kizingitini na kuwapa wenzake mgongo. Ila kila baada ya muda anageuza shingo kidogo kutazama kama wali wake bado upo.

Huyo amesusa.

Kususa ni kukataa kwa hasira kitu ambacho bado unakitaka. Hapo ndipo neno hili linapoachana na jirani zake. Aliyenuna amevuta mdomo, lakini chakula anakula. Anayedeka anataka kubembelezwa hata kama hakuna aliyemkosea. Anayesusa amejinyima, tena mbele ya watu, ili aliyemuudhi aone. Wengine husema amezira. Mtoto wa mwaka mmoja hasusi, analia tu. Kususa kunataka akili ya kujua kwamba njaa yangu itamuuma mama.

Wakubwa wana jibu lao la siku zote: "Ukisusa, wenzio wala." Mimi sipendi likiwahi kutamkwa. Mara nyingi mtoto ana lalamiko la kweli, pengine ukoko ulikuwa zamu yake leo, ila hasira imemjaa kooni na maneno hayatoki. Muulize kwanza. Akishasikilizwa, wali ataufuata mwenyewe.

Likiongezwa kiambishi, neno linakua: mtu hususia chakula, hususia harusi ya ndugu yake. Tena ukisikia mtu akisema "amenisusia kazi", ujue mwenzake ameudhika, akamwachia mzigo wote peke yake.

Kwenye siasa ndiko kususia kunakovaa heshima. Machi 2016 chama cha upinzani cha CUF kilisusia uchaguzi wa marudio Zanzibar, na Oktoba 2017 muungano wa vyama vya upinzani, NASA, ukasusia marudio ya uchaguzi wa rais Kenya. Hapo pana hoja na msimamo, ukubaliane nao usikubaliane nao. Kwa hiyo sikiliza vizuri msemaji wa upande wa pili anapoacha kusema "wamesusia uchaguzi" na kusema tu "wamesusa". Hajafupisha neno. Amewapeleka kukaa kizingitini na yule mtoto wa miaka sita.