Mpaka wa Mgodi Hufuata Maji

Mjadala wa uchimbaji madini unapopamba moto, watetezi wa migodi huja na takwimu mbili. Ya kwanza: kwa vipimo vya picha za setilaiti, migodi yote duniani imekalia takribani kilomita za mraba 100,000, eneo lisilofika hata asilimia 0.1 ya nchi kavu. Ya pili: kilimo kinachukua karibu asilimia 70 ya maji baridi yote yanayochotwa na binadamu, ilhali migodi inachukua sehemu ndogo sana. Takwimu hizo ni sahihi. Ila hazimsaidii mtu ambaye kisima chake kimekauka, kwa sababu hakuna anayekunywa wastani wa dunia. Watu hunywa maji ya bonde moja na kijito kimoja.

Kazi yangu ni maji, na rai yangu ni hii: ukubwa wa mgodi upimwe kwa kufuata maji yake yanafika wapi na yataendelea kufika huko kwa miaka mingapi. Uzio hautuambii lolote kuhusu hayo mawili.

Tuanze na mawe yenyewe. Migodi mingi ya dhahabu leo hupata gramu chache tu kwa kila tani ya mbale, yaani mawe yenye madini, pengine gramu moja au mbili. Shaba mara nyingi haifiki asilimia moja ya mwamba. Kwa hiyo karibu kila kitu kinachotolewa ardhini hubaki palepale: mawe taka, ambayo wachimbaji huyaita magwangala, yakirundikwa milima kwa milima, na marudio, yaani unga laini uliobaki baada ya uchenjuaji, ambao husukumwa bwawani ukiwa tope.

Ndani ya mawe hayo mara nyingi kuna pairiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Yakiwa chini, mbali na hewa, hayana madhara. Yakishavunjwa na kuachwa wazi, oksijeni na maji ya mvua huyageuza kuwa tindikali ya salfuri, na kuna bakteria wanaoishi kwa kuharakisha kazi hiyo. Tindikali nayo huyeyusha shaba, zinki, kadimiamu na aseniki kutoka kwenye mwamba na kuzipeleka mtoni. Likishaanza, jambo hili ni gumu mno kulizuia, maana chakula chake ni mlima wa mawe na kila mvua huliamsha upya. Mto Tinto wa kusini mwa Hispania, ambako watu walianza kuchimba madini maelfu ya miaka iliyopita, hadi leo unatiririka mwekundu na wenye tindikali kali, ingawa asili ya mwamba wa huko nayo imechangia.

Watu wengi huogopa sianidi, sumu inayotumika kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe, kuliko kitu kingine chochote, nami siwalaumu. Tarehe 30 Januari 2000, bwawa la marudio lilipasuka huko Baia Mare, Romania, na mita za ujazo zipatazo 100,000 za maji yenye sianidi zikaingia mtoni, zikashuka hadi Tisza na Danube, zikiua samaki kwa mamia ya tani. Lakini sianidi ikiwa juani na hewani huvunjika kadiri siku zinavyopita. Metali haivunjiki. Nikiulizwa kipi kinaninyima usingizi, nitasema tindikali ya mawe, kwa sababu huanza polepole, mara nyingi wakati mgodi unakaribia kufungwa na wenye fedha wamekwisha kuanza kuhamisha mitambo.

Shimo la Berkeley lililoko Butte, katika jimbo la Montana nchini Marekani, ni mfano ambao kila mpanga sheria angepaswa kuujua. Lilikuwa chimbo la shaba. Mwaka 1982 uchimbaji ulisimama na pampu zilizokuwa zikivuta maji ya chini ya mwamba zikazimwa. Maji yakaanza kupanda, yakiwa na tindikali na metali, hadi yakawa ziwa. Mwaka 1995 mamia ya mabata bukini waliotua humo walikutwa wamekufa. Leo maji hayo yanasafishwa kwenye mtambo ili yasifike kina cha kuvujia maji safi ya eneo hilo, na hakuna tarehe ya kazi hiyo kuisha. Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya shaba ile kuuzwa ndio wanaolinda maji yao dhidi yake.

Pampu zina hadithi nyingine pia. Shimo likipita kina cha maji ya ardhini, maji huingia, na mgodi hulazimika kuyavuta usiku na mchana ili watu wafanye kazi pakavu. Kina cha maji hushuka kulizunguka shimo, na visima vifupi vya majirani ndivyo hukauka kwanza, hata kama mgodi haujamwaga tone la sumu. Hapa ndipo ugomvi huwa mkali, kwa kuwa mgodi utasema ni ukame na wanakijiji watasema ni mgodi. Bila vipimo vilivyochukuliwa kabla ya uchimbaji kuanza, hakuna mtaalamu anayeweza kuwaamulia kwa haki.

Kuhusu mabwawa ya tope, Brazil imelipa gharama kubwa kuufundisha ulimwengu. Novemba 5, 2015, bwawa lililoko Mariana lilipasuka, likaua watu 19, na tope likasafiri zaidi ya kilomita 600 kwa Mto Doce hadi Bahari ya Atlantiki. Januari 25, 2019, bwawa la Brumadinho, ambalo tayari lilikuwa limeacha kupokea tope na lilikuwa na cheti cha kuonyesha kwamba ni imara, liliporomoka na kuua watu 270. Yote mawili yaliinuliwa kwa kujenga kila tuta jipya juu ya tope la zamani. Ni njia ya bei nafuu, na mwaka huohuo Brazil iliipiga marufuku. Njia iliyo salama zaidi ni kukamua maji kutoka kwenye marudio na kuyarundika yakiwa makavu. Inagharimu zaidi, lakini pia hurudisha maji kiwandani, na sioni sababu ya kutoidai kila mahali inapowezekana.

Wachimbaji wadogo nao wamo katika hesabu hii. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote duniani cha zebaki inayotolewa hewani na shughuli za binadamu, kwa kuwa wachimbaji hunasa dhahabu kwa zebaki kisha huichoma. Zebaki ikiishia kwenye tope la mto, vijidudu huibadilisha kuwa aina inayoingia kwa samaki na kisha kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, unataka nchi ziondoe mienendo minne iliyo mibaya kupita yote, mojawapo ikiwa ni kuloweka kwenye sianidi marudio ambayo bado yana zebaki. Huo ni muungano wa hatari, kwani sianidi huifanya zebaki iyeyuke na kusafiri na maji. Msaada unaofaa kwa wachimbaji hawa ni meza za kutenganisha dhahabu kwa uzito na vifaa vya kunasa mvuke wa zebaki. Kuwafukuza huwahamishia tu kijito kingine.

Ardhi hurejea kwa shida, lakini inaweza kurejea. Udongo wa juu ukikwanguliwa na kutunzwa kando kabla ya kuchimba, huwa na mbegu na uhai wa kuotesha tena mimea. Ukichanganywa na mawe, miaka ya kupanda miti hupotea bure.

Kwa hiyo, taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira inapoletwa mbele ya wananchi, kuna mambo machache ya kufungua kwanza. Tafuteni vipimo vya visima na mito vya angalau mwaka mzima, masika na kiangazi, kwa kuwa sampuli ya siku moja haithibitishi kitu. Ulizeni kama mawe taka yamepimwa uwezo wake wa kutoa tindikali, na mangapi yamepimwa, kutoka pande zipi za mwamba. Kisha nendeni kwenye ukurasa wa kufunga mgodi mkaangalie fedha. Ahadi ya kampuni haitoshi, kwani kampuni hufilisika au huuza mgodi kwa nyingine ndogo zaidi. Panapaswa kuwa na dhamana iliyowekwa mikononi mwa serikali kabla ya baruti ya kwanza, iliyokokotolewa kwa gharama ya mtu baki kuja kufanya kazi hiyo, na inayojumuisha kusafisha maji kwa muda wote ambao wataalamu wa mgodi wenyewe wamekadiria. Kama kiasi hicho hakimo kwenye taarifa, mna haki ya kuomba irudishwe ikaandikwe upya.